Mapambo na Kadi za Halloween: Kazi ya Mkono, Karatasi ya Kiwandani

Kabla ya karatasi na kabla ya boga, mapambo ya Halloween yalichongwa kwenye tanipu, mzizi mgumu mfano wa figili nene ambao wakulima wa Ireland na Scotland waliulima kwa chakula chao na cha mifugo. Kichwa cha tanipu kilikatwa, nyama yake ikachimbwa kwa kisu na kijiko hadi ukuta ukabaki mwembamba, macho na mdomo vikatobolewa, kisha kipande cha mshumaa kikawekwa ndani na kamba ikapitishwa juu ili taa ishikike. Tanipu haina uwazi ndani kama boga, kwa hiyo kila kipande kilitolewa kwa nguvu za mkono, na anayechonga alikuwa na bahati akimaliza bila kujikata. Taa hizo zilibebwa na vijana waliopita nyumba kwa nyumba wakiwa wamejifunika nyuso, au ziliwekwa juu ya kuta na nguzo za malango ili kumshtua mpita njia.

Usiku wenyewe, wa tarehe 31 Oktoba, ulikuwa mpaka wa mwaka katika desturi za Wakelti. Mavuno yamekwisha ghalani, mifugo imeteremshwa kutoka malisho ya kiangazi, majira ya giza yanaanza, na iliaminiwa kuwa wafu hawako mbali. Kufikia karne ya 9 Kanisa la Magharibi lilikuwa limeiweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Kumbukumbu ya Marehemu Wote, iliyopata nguvu kutoka monasteri ya Cluny nchini Ufaransa, ikafuata tarehe 2. Tarehe hizo ndizo zinazoadhimishwa hadi leo katika parokia za Tanzania, Kenya na Kongo, ila huko sikukuu ilifika bila mkesha wake: misa ilikuja, taa za kutisha zikabaki Ulaya.

Makumbusho ya Taifa ya Ireland, katika tawi lake la maisha ya vijijini lililoko Turlough Park, kaunti ya Mayo, yana taa moja ya aina hii kutoka kijiji cha Fintown, kaunti ya Donegal. Ililetwa mwaka 1943 na mwalimu wa shule, wakati ambapo ufundi huo ulikuwa umekaribia kusahaulika kijijini. Tanipu ilipoanza kuoza, makumbusho yakaitolea nakala ya plasta, na nakala hiyo ndiyo inayoonekana. Uso wake hauna uchangamfu wa boga la siku hizi. Ni uso wa mzee aliyekauka, mashavu yamebonyea, meno yametokeza, na mtu akiutazama anaelewa mara moja kwamba aliyeuchonga hakukusudia kumchekesha mtu. Ufundi wa kuchonga tanipu haukuwa wa Ireland peke yake. Mji wa Richterswil nchini Uswisi bado hufanya maandamano ya taa za tanipu kila Novemba, na katika kaunti ya Somerset nchini Uingereza watoto walichonga viazisukari vya mifugo kwa namna hiyohiyo.

Zaidi ya taa, nyumba za wakulima hazikuwa na mapambo ya kusema. Robert Burns, mshairi wa Scotland, aliandika mwaka 1785 shairi refu kuhusu usiku huo, nalo linajaa michezo ya kubashiri mchumba: njugu zinazochomwa mekoni na mashina ya kabichi yanayong'olewa gizani. Vifaa vilikuwa vyakula vya msimu, na asubuhi vilikuwa vimeliwa. Kukata karatasi kwa ajili ya usiku mmoja kungekuwa israfu katika nyumba ambamo karatasi yenyewe ilikuwa adimu.

Njaa kuu ya Ireland ya mwaka 1845 hadi 1852 iliwasukuma zaidi ya watu milioni moja kuhama nchi, wengi wao wakielekea Marekani. Hapa husimuliwa mara nyingi kwamba Waireland walishuka melini, wakakosa tanipu, wakachukua boga, na fanusi ya boga ikazaliwa. Masimulizi hayo ni mepesi kupita kiasi. Boga ni zao la Amerika, na watoto wa mashamba ya New England walikuwa wakilichonga nyuso na kulitia mshumaa kabla Halloween haijawa sherehe ya kitaifa. Mshairi John Greenleaf Whittier aliitaja desturi hiyo katikati ya karne ya 19 katika shairi linalohusu Sikukuu ya Shukrani, si Halloween. Gazeti la Harper's Weekly nalo lilichapisha mwezi Novemba 1867 mchoro wa watoto wakiwa na kichwa cha boga kinachowaka. Fanusi ilikuwa mzaha wa wakati wa mavuno kwa jumla. Wahamiaji walileta usiku wenye jina na imani zake, boga lilikuwa tayari shambani, na vitu hivyo viwili vikaungana polepole katika miongo ya mwisho ya karne hiyo.

Waliovipa umbo la sherehe ya nyumbani hawakuwa wakulima tena, bali wanawake wa tabaka la kati mijini. Magazeti ya wanawake yaliifanya Halloween kuwa karamu ya vijana wakubwa na wachumba, yenye michezo ya bahati, tufaha zinazoelea kwenye beseni na chakula cha usiku. Mwaka 1898 Martha Russell Orne alitoa mjini New York kitabu kidogo cha kueleza namna ya kuandaa karamu hiyo. Ushauri wake kuhusu mapambo ulikuwa wa shambani bado: taa zichongwe kwenye tufaha, matango na maboga, nazo pekee ndizo ziangaze chumba. Mabua ya mahindi yalifungwa pembeni mwa milango, majani makavu ya rangi ya kutu yakatandazwa mezani. Kwa kuwa karamu ilihitaji mwaliko, kadi nayo ikaingia. Mwenyeji alikata karatasi nene kwa umbo la boga, paka au popo, akaandika ndani shairi fupi la kukaribisha, na wakati mwingine aliviringisha ujumbe akauficha ndani ya ganda la kokwa lililofungwa kwa utepe.

Kadi ya kununua ilikuja karibu wakati uleule, kwa njia ya posta. Sheria ya Bunge la Marekani ya mwezi Mei 1898 iliruhusu kadi zilizochapwa na kampuni binafsi zitumwe kwa senti moja, nusu ya gharama ya barua. Kuanzia tarehe 1 Machi 1907 mtumaji aliruhusiwa kuandika ujumbe upande uleule wa anwani, na hivyo uso wote wa mbele ukabaki kwa picha. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 1908, posta ya Marekani ilihesabu zaidi ya postikadi milioni 677, katika nchi iliyokuwa na watu wasiofikia milioni 90. Krismasi na Pasaka ziliongoza, lakini Halloween ilipata sehemu yake. Kampuni ya Raphael Tuck ya London iliitolea mifululizo kadhaa, na kampuni ya John Winsch ya New York ilitoa kadi ambazo wakusanyaji wa leo huzigombania kuliko zote.

Picha za Winsch zilizothaminiwa zaidi zilitoka kwa Samuel Schmucker, ambaye wachawi wake walikuwa wanawake warembo wenye magauni marefu, wamezungukwa na mwezi, mivuke na popo. Ellen Clapsaddle, mzaliwa wa jimbo la New York mwaka 1865, alichagua watoto: mashavu mekundu, fanusi mkononi, paka mweusi miguuni. Baadhi ya kadi zake zilikuwa na mkono wa karatasi uliokatwa peke yake na kushikizwa kwa kipini kidogo cha chuma, hivi kwamba aliyeipokea aliweza kuupandisha na kuushusha. Bundi, ambaye kwa msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa ubaya wake, alikaa kwenye kadi hizo akiwa na macho ya mviringo na sura ya upole. Kwa jumla kadi hizi hazikutaka kumwogofya mtu. Nyingi zilibeba kejeli nyepesi kuhusu ndoa, kwa kuwa ubashiri wa mchumba ulikuwa bado kiini cha usiku huo.

Nyuma ya ulaini huo kulikuwa na kazi nzito ya uchapaji. Sehemu kubwa ya kadi nzuri ilichapwa Ujerumani kwa kromolithografia, njia ambayo kila rangi huwa na jiwe lake la chokaa. Mchoraji wa kiwandani aliigawa picha ya asili kwa macho yake, akadonoa nukta ndogondogo kwa mkono juu ya kila jiwe, kisha karatasi ileile ikapitishwa kwenye jiwe la njano, la waridi, la buluu na mengine mengi, ikiwekwa kila mara mahali palepale bila kusogea hata unywele. Mwisho ilibanwa kati ya kalibu mbili ili boga litune na kutokeza juu ya kadi. Bidhaa iliyouzwa kwa senti chache ilikuwa imepita mikononi mwa mafundi wengi.

Biashara hiyo ilivunjika haraka. Marekani ilipandisha ushuru wa kadi za kigeni mwaka 1909, na vita vya mwaka 1914 vikakata kabisa njia ya kwenda kwa wachapaji wa Ujerumani. Clapsaddle mwenyewe alikuwa Ujerumani vita vilipoanza. Alipoteza riziki yake yote, na alifariki mwaka 1934 akiwa fukara. Baada ya vita simu na kadi za kukunja zilizotumwa ndani ya bahasha zilichukua nafasi ya postikadi, na Halloween haikurudia wingi ule wa kadi.

Mkasi ndio uliochukua zamu, na aliyeutia mikononi mwa watu alikuwa mfanyabiashara. Kampuni ya Dennison ilianza mwaka 1844 huko Brunswick, Maine, kwa kutengeneza visanduku vya vito, kisha vibandiko na lebo, na kufikia mwisho wa karne ilikuwa na kiwanda kikubwa huko Framingham, Massachusetts. Bidhaa yake kubwa ya mapambo ilikuwa karatasi ya krepu, ile yenye mikunjo midogomidogo inayovutika upande mmoja. Mwaka 1909 Dennison ilitoa kijitabu cha kwanza cha mapambo ya Halloween. Cha pili kilitoka mwaka 1912, na baada ya hapo vikaendelea kutoka kwa miaka mingi. Kijitabu kilionyesha picha za vyumba vilivyopambwa, meza zilizoandaliwa, mavazi, vifuniko vya taa na kadi za kuonyesha kila mgeni akae wapi, na kila kimoja kiliambatana na idadi ya karatasi za kununua. Ulikuwa ujanja wa kibiashara wa kiwango cha juu: kampuni haikuuza pambo, iliuza mafunzo, na mafunzo yakauza karatasi.

Ufundi uliofundishwa haukuwa mgumu, lakini ulidai mkono mwepesi. Krepu iliuzwa ikiwa imekunjwa bapa ndani ya kifungo. Fundi aliivuta itokeze vidole vinne nje ya kifungo chake, akaikata papo hapo bila kuikunjua, akapata utepe mrefu ulionyooka. Akitaka matamvua, alipasua ukingo mmoja kwa mkasi mara nyingi kabla ya kuukunjua. Akitaka ua au shavu la boga, aliiweka karatasi juu ya vidole gumba na kuivuta taratibu katikati hadi ikatuna kama bakuli. Mavazi yalishonwa au kubandikwa juu ya gauni la pamba nyepesi, maana krepu peke yake huchanika mvaaji akiinama. Hatari yake ilikuwa moto. Karatasi ile ilishika haraka, na kuiweka chumba kimoja na mishumaa iliyo wazi ni uzembe ambao nyumba ya leo isingeukubali.

Dennison ilichangia pia katika jambo ambalo sasa linaonekana kana kwamba ni la asili, yaani rangi. Karamu za mwanzoni mwa karne ya 20 zilitumia njano, kahawia na nyekundu ya majani makavu bila utaratibu maalumu. Machungwa na nyeusi zilitawala pole kwa pole, na karatasi za viwandani zilizochapwa paka weusi juu ya anga ya rangi ya machungwa zilizisambaza mpaka kwenye miji midogo. Rangi zile zilifaa pia kwa umbo la kivuli lililokatwa kwenye karatasi nyeusi, sanaa ambayo Wajerumani wa Pennsylvania walikuwa nayo tangu kabla ya kuundwa kwa Marekani.

Ujerumani haikutoka kabisa sokoni. Katika miaka ya 1920 na sehemu ya 1930 ilituma Marekani taa na vikopo vya peremende vya rojo la karatasi, kutoka maeneo yaliyokuwa na utamaduni wa kazi za nyumbani za vinyago vya watoto, hasa Thüringen. Karatasi chakavu ililowekwa, ikapondwa na kuchanganywa na gundi, ikakandamizwa ndani ya kalibu na kuachwa ikauke. Nusu mbili ziliunganishwa, zikapakwa chokaa nyembamba, kisha zikatiwa rangi kwa brashi. Nyuma ya macho na mdomo ilibandikwa karatasi ya shashi iliyochapwa mboni na meno, ili mwanga wa mshumaa upite na uso uonekane hai. Mara nyingi familia nzima ilishiriki, watoto wakiwemo. Watoto hao hawakuwa na Halloween wala hawakujua sura wanazopaka zinatumika kwa shughuli gani ng'ambo ya bahari.

Mshindani wa nyumbani alikuwa kampuni ya Beistle, iliyoanzishwa mwaka 1900 na Martin Luther Beistle na kuhamia Shippensburg, Pennsylvania, mwaka 1907. Ilijulikana kwa karatasi ya sega: tabaka nyingi za shashi zinazobandikwa kwa mistari ya gundi inayopishana, zikakatwa kwa umbo la nusu boga na kubanwa kati ya kadibodi mbili. Likifunguliwa na kuzungushwa, pambo bapa hugeuka kuwa boga la mviringo. Kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1920 Beistle ilitoa pia viunzi vya mifupa vya kadibodi vyenye viungo vinavyokunjika, wachawi na paka waliotuna. Kwa pambo la aina hii mwenye nyumba hakuhitaji tena kukata kitu. Alilitundika tu.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliurudisha mkasi kwa sababu nyingine. Fedha hazikuwapo, na mizaha ya vijana usiku wa Halloween ilikuwa imegeuka uharibifu wa mali, hata miji ikatafuta namna ya kuwashughulisha. Mji wa Anoka, Minnesota, ulikuwa umeanza maandamano yake mwaka 1920 kwa nia hiyo, na mingine ikafuata. Shule ziligawa karatasi za rangi ya machungwa na nyeusi, madirisha ya maduka yakapakwa picha katika mashindano ya wanafunzi, na wazazi wakageuza vyumba vya chini ya nyumba kuwa njia za kutisha kwa vitu walivyokuwa navyo jikoni: zabibu zilizomenywa zikapapaswa gizani kama macho ya maiti, tambi baridi zikawa matumbo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mgao wa sukari ulipokwisha mwaka 1947, Halloween ikawa mali ya watoto wanaopita mlango kwa mlango kuomba peremende. Viwanda vya Marekani vilitengeneza taa kwa rojo lilelile la trei za mayai, kisha plastiki ikazifuta. Kazi ya mkono ilibaki shuleni, na mara nyingine ilipata wajibu usiotarajiwa. Mwaka 1950 mchungaji Clyde Allison na mkewe Mary Emma, aliyekuwa mwalimu, walihimiza watoto wa eneo la Philadelphia wapambe maboksi matupu ya maziwa na kukusanyia humo senti za kuwasaidia watoto wa nchi zilizoharibiwa na vita. Mwaka wa kwanza walipata dola 17, wakazipeleka UNICEF. Shirika hilo baadaye liliuchukua mpango huo na kuchapa maboksi yake lenyewe, kwa hiyo hata boksi la maziwa lililochorwa kwa kalamu za rangi lilipata mrithi wa kiwandani.

Boga nalo lilibadilishwa lifuate kisu. Mkulima John Howden wa Massachusetts alichagua mbegu kwa miaka mingi hadi akapata, katika miaka ya 1960 na 1970, aina yenye umbo sawa, rangi iliyokolea na kikonyo kinene kinachoshikika. Ladha yake si ya kusifiwa, na mtu aliyezoea boga la nazi angelisukuma sahani pembeni, lakini lilizalishwa kwa ajili ya mchongaji. Miaka ya 1980 misumeno midogo na violezo vya karatasi vya kudungwa kwa sindano vilienea madukani, na uchongaji ukapanda kutoka macho ya pembetatu hadi nyumba na misitu mizima. Mji wa Keene, New Hampshire, uliwasha kwa pamoja maboga 30,581 mwaka 2013.

Wimbi la mwisho la kazi ya karatasi lilianza miaka ya 1990, jarida la Martha Stewart lilipowarudisha wasomaji kwenye vivuli vyeusi, mabua ya mahindi na mialiko ya mkono. Watengenezaji wa kadi wakapata mihuri ya mpira, wino wa kila rangi, na kuanzia mwaka 2006 mashine ya mezani ya Cricut inayokata umbo la paka kwa kisu kinachoongozwa na kompyuta. Wenye ufundi hubishana kama kadi ya namna hiyo ni ya mkono. Historia inawapa pande zote mbili hoja, kwa kuwa mwenye nyumba wa mwaka 1912 naye alifuata kielelezo cha Dennison hatua kwa hatua.

Vitu vya zamani vilivyobaki ni vichache, kwa sababu vilitengenezwa vitupwe. Taa ya Kijerumani yenye shashi yake ya asili huuzwa kwa bei ya juu zaidi kuliko iliyounguzwa na mshumaa, na kwa kuwa Beistle imechapa upya baadhi ya miundo yake na postikadi zimenakiliwa kwa wingi, wakusanyaji hukagua kwa lenzi: kromolithografia huonyesha nukta zisizo na mpangilio, uchapaji wa kisasa huonyesha nukta zilizojipanga safu kwa safu. Mapambo ya nyumbani hayana jina wala alama ya kampuni, na ndiyo magumu zaidi kuyapa tarehe. Njia inayotumika sana ni kutafuta ndani yake kipande cha krepu iliyochapwa, kisha kulinganisha paka na mwezi wake na kurasa za vijitabu vya Dennison, hadi mwaka wa karatasi ile upatikane.